Amani Iliyowekwa Amana

Desemba, katika nchi ya Wangoni na Wamatengo, ni mwezi mgumu. Mvua, ambazo huko zina msimu mmoja tu kwa mwaka, zimekwisha kuanza. Mahindi mapya yamo ardhini au ndiyo kwanza yachomoza, na yale ya mavuno yaliyopita yanakaribia kwisha ghalani. Kahawa ilichumwa tangu katikati ya mwaka. Kama ililipwa, fedha yake imekwisha kugawanyika kwa ada za shule, mbolea na madeni ya dukani. Kama haikulipwa, mwenyewe angali akingoja. Huo ndio mwezi ambao Noeli huingia. Ulaya, ambako sikukuu hii iliotea desturi zake nyingi, humkuta mkulima amekaa karibu na moto, ghala limejaa na nguruwe amekwisha kunona. Kigonsera humkuta na jembe mkononi, akihesabu madebe.

Kwa msomaji wa visiwani asiyepajua, Kigonsera ni mji mdogo ulio kwenye barabara itokayo Songea kwenda Mbinga, mahali ambapo nchi ya Wangoni huanza kupanda kuelekea milima ya Wamatengo, na nyuma ya milima hiyo ardhi hushuka ghafla hadi Ziwa Nyasa. Wamisionari wa Kibenediktini, Wajerumani, walianzisha misheni hapo mwaka 1899, mwaka mmoja baada ya ile ya Peramiho. Tangu hapo Ukatoliki umekita mizizi kiasi kwamba mwaka 1986 Mbinga ikafanywa jimbo lenye askofu wake. Kwa hiyo mkesha wa Noeli, watu wa huko, waliolipwa na wasiolipwa, hutembea usiku katika matope kwenda kusikia habari moja: kwamba amani imeshuka duniani.

Swali langu ni hili. Amani hiyo ni kitu gani kwa mtu ambaye asubuhi yake haikubadilika? Aamkapo tarehe 26, debe ni lile lile, deni ni lile lile, mgonjwa yungali kitandani. Hata hivyo watu wazima wenye akili zao, wasiodanganyika kirahisi sokoni wala mahakamani, husema kwamba wamerudi na amani. Je, tuwaamini? Au tuseme wamepozwa tu, kama mtoto apewavyo kidole anyonye huku maziwa hayapo?

Wasomaji wengi wa kurasa hizi hawaadhimishi sikukuu hiyo, nami sikusudii kumhubiria mtu. Lakini swali si la Wakristo peke yao. Kila dini iliyofika pwani yetu imemwahidi mwenye dhiki utulivu wa moyo, na kila dhalimu aliyepata kututawala ameupenda utulivu huo kwa sababu zake mwenyewe. Karl Marx, mwaka 1844, aliifananisha dini na kasumba, na Waswahili wakalichukua neno kasumba wakalipa maana ya fikira mbovu alizolishwa mtu mpaka zikamlevya. Wanaopenda kumnukuu husahau kwamba katika maneno yaliyotangulia hayo alikuwa amekiri kuwa dini pia ni sauti ya maumivu ya aliyeonewa. Yaani hata yeye hakudhani kwamba mlevi huyu amelewa bila kidonda. Shutuma yake ni nzito, nayo haijibiwi kwa kukasirika.

Mfasiri hana silaha nyingi. Anazo kamusi na masikio. Nami, kwa kuwa ndiyo kazi iliyonilea, naanza na neno lenyewe.

Amani tumeipata kutoka Kiarabu, na katika Kiarabu mzizi wake ni alifu, mimu, nuni. Mzizi huo ndio uliotupa pia imani, amini na mwaminifu. Ndio uliotupa amana. Hebu lisikilize neno hili la mwisho, kwani pwani tunalijua vizuri kuliko tulijuavyo neno amani. Amana ni mali ya mtu iliyowekwa kwa mtu mwingine. Mwenyewe hakuiuza, hakuitoa sadaka wala hakuisamehe. Amemkabidhi mwaminifu, akaenda safari yake, na usiku akalala. Alalavyo si kwa kuwa ameisahau mali yake. Analala kwa sababu anajua ilipo. Na aliyepewa amana akaila, Waswahili hawamwiti mwizi tu, humwita mfanya hiyana, na hiyana katika adabu zetu ni dhambi inayonuka kuliko wizi.

Ukienda kwenye Kiebrania, lugha ya manabii ambao Yesu alilelewa katika maneno yao, utakuta neno jingine kabisa, shalom, ndugu wa salama na salamu zetu. Shalom ni ukamilifu, hali ya kitu kutopungua. Kutokana na mzizi huo huo Waebrania wana kitenzi cha kulipa, kulipa deni au fidia mpaka pengo lizibike. Basi kwa Mwebrania amani ina harufu ya deni lililokwisha kulipwa. Kwa Mswahili amani imezaliwa tumbo moja na mali iliyohifadhiwa. Tofauti hii, ambayo watafsiri wa Injili hawangeweza kuikwepa hata wangetaka, imenisaidia kuwaelewa watu wa Kigonsera kuliko mahubiri mengi niliyosoma.

Nasema hivi: amani anayorudi nayo mtu wa imani katika Noeli ya dhiki ni ya aina ya pili. Hajalipwa, naye anajua kwamba hajalipwa. Alichofanya ni kuiweka dhiki yake, na haki yake pamoja nayo, mahali anapoamini kwamba haitapotea. Dai linabaki hai. Ndiyo maana anaweza kulala, na ndiyo maana kesho anaweza kuamka akadai.

Kisa chenyewe cha kuzaliwa kwa Yesu, ukikisoma bila mishumaa na nyimbo, kinaelekea huko. Luka anakianza kwa amri ya Kaisari Augusto ya kuandikisha watu, na kuandikishwa katika dola ya Kirumi maana yake ilikuwa kodi. Augusto huyo huyo alikuwa bingwa wa amani. Mwaka wa 9 kabla ya Kristo palizinduliwa mjini Roma madhabahu ya marumaru ya kuitukuza amani yake, nayo yapo hadi leo yakitazamwa na watalii. Kwa hiyo usiku ule palikuwa na amani mbili duniani: moja ilikuwa na jiwe, jeshi na daftari la kodi, ya pili ilitangazwa kwa wachunga kondoo waliokuwa kazini zamu ya usiku. Luka hasemi kwamba wachungaji wale walisamehewa kodi. Anasema walikwenda, wakaona, wakarudi kwenye kazi yao. Herode naye aliendelea kukaa kitini.

Kalenda ya Kanisa ina ukweli kuliko kadi za sikukuu. Siku moja baada ya Noeli ni ya Stefano, aliyeuawa kwa mawe. Tarehe 28 ni ya watoto wa Bethlehemu, wale ambao Mathayo asimulia kwamba Herode aliwachinja akimtafuta mmoja. Mtu aliyekwenda kanisani juma zima atakuwa amesikia habari ya amani na habari ya damu kwa ukaribu ambao haumwachii nafasi ya kujidanganya. Nimeona wahubiri wakiipita tarehe 28 kwa haraka, kana kwamba ni doa kwenye kitambaa cha meza. Nadhani wanakosea.

Na msomaji Mwislamu anayo katika Sura Maryam simulizi ambayo, kwa jambo hili, ni kali kuliko ya Luka. Luka hasemi lolote juu ya uchungu wa kuzaa. Qurani inasema. Maryamu, peke yake kwenye shina la mtende, anatamani kwamba angalikuwa amekwisha kufa akasahauliwa. Ndipo sauti inamwambia asihuzunike, na mara hiyo hiyo inampa kazi: alitikise shina, tende mbivu zitamwangukia. Mwanamke aliye katika uchungu aambiwa atikise mtende! Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi. Faraja iliyomjia haikumfunga mikono. Na mtoto aliyezaliwa, atakaposema, atataja amani juu ya siku aliyozaliwa, siku atakayokufa na siku atakayofufuliwa. Nayo siku ile, kama tulivyoona, ilianza kwa mama kutamani mauti.

Basi mpaka hapa ni maandiko. Lakini fikra ya amana haina thamani kama haiwezi kusimama mbele ya historia, na historia ya nchi ile haina huruma.

Sisi wa visiwani tunaigusa historia hiyo kila tupitapo Mkunazini. Jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana, pale palipokuwa soko la watumwa, liliwekwa siku ya Noeli ya mwaka 1873, miezi michache baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba uliolifunga soko hilo. Wengi waliouzwa Unguja katika karne hiyo walitoka ng’ambo ya Kilwa, kwenye njia zilizoanzia Ziwa Nyasa, na katika Unguja ya zamani kuitwa Mnyasa kulikuwa kutajwa asili na kutajwa masaibu kwa pamoja. Nani angekataa kufurahi Noeli ile? Hata hivyo utumwa wenyewe haukukomeshwa kisheria hapa hadi 1897. Kwa miaka 24 amani ilikuwa imekwisha kuimbwa juu ya soko, na watu wangali mali ya watu. Aliyeimba 1873 kwamba mambo yamekwisha aliimba uongo. Aliyeimba kwamba Mungu ameshuhudia, na kwa hiyo jambo hili halitaachwa hivi, huyo hakuimba uongo. Maneno ya wimbo yaweza kuwa yale yale.

Mmoja wa vijana walioletwa na misheni hiyo alikuwa William Percival Johnson, aliyefika Unguja 1876, akaenda Nyasa, akapoteza jicho moja na sehemu kubwa ya nguvu ya la pili, akaendelea kutembea na kutafsiri kando ya ziwa mpaka alipofariki 1928. Kaburi lake liko Liuli. Namtaja kwa kuwa ni mwenzetu katika kazi, na kwa kuwa nusu ya ufuko ule ni Waanglikana wa misheni iliyokuwa na makao yake hapa Unguja. Noeli ya Liuli na ya Mkunazini ni za ukoo mmoja.

Sasa nirudi bara, kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Julai 1905 vita vya Majimaji vilianza Umatumbi. Tarehe 14 Agosti Askofu Cassian Spiss, pamoja na mabradha wawili na masista wawili, aliuawa karibu na Liwale. Septemba Peramiho ikachomwa, na Padre Franziskus Leuthner akauawa. Kisha likaja jeshi la Wajerumani Ungoni, nalo lilipoona kwamba risasi peke yake hazitoshi, likachoma ghala na mashamba, njaa ifanye kazi iliyobaki. Makadirio ya waliokufa katika vita hivyo na njaa yake, kusini nzima, yanatofautiana sana, kuanzia 75,000 hadi 300,000. Noeli ya 1905 iliangukia hapo katikati. Tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, walinyongwa wazee na wapiganaji wa Kingoni, Nkosi Mputa Gama akiwa miongoni mwao. Kumbukumbu ya Songea huhesabu mashujaa 67, na karibu wote wamezikwa katika kaburi la pamoja ambalo hadi leo huzuruwa kila Februari. Kabla ya kunyongwa, padre wa Kibenediktini aliingia gerezani, akawafundisha kwa muda mfupi, na baadhi yao wakakubali kubatizwa.

Hapa ndipo swali la amani linapomkaba mtu koo. Padre ni wa kabila moja na mnyongaji. Misheni yake imechomwa, wenzake wameuawa; naye pia ana makaburi. Anawaendea watu wenye saa chache za kuishi na kuwatangazia amani ile ile ambayo miezi miwili kabla imetangazwa mbele ya pango la Noeli. Nao wengine wanaipokea. Je, ile ilikuwa amani, au kamba ya pili iliyotangulia ile ya shingoni?

Kuna majibu mawili ya haraka. La kwanza ni la wasifu wa kimisionari: roho ziliokoka, Mungu atukuzwe. La pili ni la mzalendo: walidanganywa wakati wa udhaifu wao, ubatizo ule ni nyara ya vita. Yote mawili, kwa maoni yangu, yana kosa moja. Yanadai kujua kilichokuwa ndani ya mtu ambaye hakutuachia maandishi. Lile la pili, kwa kujifanya linawatetea, linawanyima wale mashujaa hata uwezo wa kuamua wafe vipi. Mtu aliyekabili bunduki kwa miezi hawezi kugeuzwa mtoto mdogo kwa sababu tu alikubali kumwagiwa maji.

Mimi ningesema hivi, kwa kutumia neno la pwani. Kama mmoja wao, katika saa ile, aliiweka nafsi yake na dhuluma aliyotendewa mikononi mwa Mungu, amana hiyo ni baina yake na Mungu. Haikupitia mikononi mwa gavana. Serikali iliyomnyonga haikupata stakabadhi. Wala padre hakuwa na haki ya kuiandika amani ile katika hesabu ya nchi yake, akasema, tazameni, mambo yamekwisha vizuri. Kufanya hivyo ndiyo hiyana: kuchukua utulivu wa aliyedhulumiwa na kuuonyesha kama hati ya kwamba dhuluma imelipwa.

Na kwa kweli haikulipwa. Watu wa Songea hawakuliacha dai. Walilisimulia, wakalijengea makumbusho, wakaliombea dua na misa, kwani wajukuu wengi wa walionyongwa ni Wakatoliki wa dhati, na hawakuona mgongano wowote baina ya kupokea komunyo asubuhi na kuuliza mchana mabaki ya wazee wao yako wapi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha. Ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, sijui kama aliyepanga safari alilifikiria hilo. Miaka 117. Dawa ya deni ni kulipa, na maneno ni senti ya kwanza tu. Lakini maneno hayo yasingesemwa kamwe kama amani ya watu wa Songea ingekuwa ya kusahau.

Majaribu ya namna nyingine huja bila mtutu. Tangu Julai 1989, yalipovunjika makubaliano ya dunia ya kugawana mgao wa kahawa, mkulima wa Mbinga ameishi chini ya bei ambayo haioni wala haisikii. Katikati ya miaka ya 1990 chama kikuu cha ushirika cha wilaya kiliporomoka, na wakulima wakabaki na madai mikononi. Mwaka 2001 bei ya kahawa duniani ilianguka hadi chini ya senti 50 za Marekani kwa ratili, kiwango ambacho hakikuonekana kwa kiasi cha miaka 30. Noeli ya mwaka ule palikuwa na nyumba Umatengo ambazo mibuni ilikuwa imewalisha vizazi viwili, na sasa gharama ya dawa ya kunyunyizia ilizidi thamani ya kahawa. Hapa hakuna wa kumlilia. Herode hana sura. Ndiyo dhiki ngumu zaidi kuibeba kwa heshima, kwa maana mtu asipomwona aliyemdhulumu huanza kujilaumu yeye, au jirani, au mchawi. Vijijini kwetu mchawi hupatikana upesi bei ikishuka.

Na hapo naona kazi ya imani ambayo wakosoaji wake hawaithamini vya kutosha. Mtu anayeamini kwamba dhiki yake imepokelewa na kuandikwa mahali, halazimiki kumtafuta wa kumtwika usiku huo huo. Anaweza kusubiri ukweli. Methali yasema subira ni ufunguo wa faraja, lakini kuna subira ya gogo na subira ya mvuvi. Gogo halina linalongojea. Mvuvi wa Mbamba Bay, asubiriye usipa usiku na taa yake, hajalala. Wavu u tayari, na jicho lake li majini.

Neno amani, hata hivyo, linaweza kuvikwa sare. Sisi tuna namna yetu ya kulitaja pamoja na mwenzake: amani na utulivu, maneno mawili yaliyofungwa kamba moja, kama kwamba kila aliyetulia ana amani. Visiwa hivi vinajua gharama ya kosa hilo. Mwishoni mwa Desemba 2000 Noeli na Idi el-Fitri zilikaribiana kiasi cha siku mbili tatu, na watu wa dini zote mbili walipelekeana sahani. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 26 na 27 Januari 2001, zaidi ya watu 30 waliuawa kwa risasi za vyombo vya dola, wengi wao Pemba, na kiasi cha watu 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni. Aliyekuwa Rais wa Jamhuri, Benjamin Mkapa, alikuwa mtu wa kusini, Mkatoliki, aliyesoma katika seminari ya Kigonsera miaka ya 1950. Katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichotoka 2019, mwaka mmoja kabla ya kufariki, alikiri kwamba mauaji yale yalikuwa doa katika uongozi wake. Wapo walioona kukiri huko kumechelewa, na wapo walioona ni kudogo. Mimi naona kwamba mtu aliyefundishwa katika ujana wake kuungama hatimaye aliitaja dhambi kwa jina, hadharani, bila kushurutishwa na mahakama. Wenye madai bado wanayo. Lakini alijua, nadhani, kwamba utulivu uliofuata Januari ile haukuwa amani, na hakutaka kwenda kaburini akiwa ameuita hivyo.

Nimalizie na milima, kwa kuwa nimewaacha Wamatengo nyuma ya Wangoni, kama walivyozoea kuachwa.

Katikati ya karne ya 19 Wangoni walipofika kutoka kusini, Wamatengo walisukumwa juu, kwenye miteremko mikali, wengine wakijificha mapangoni. Pale hapakuwa mahali pa kulima. Mvua moja kubwa ingeweza kupeleka shamba zima bondeni. Ndipo wakaikamilisha kazi wanayoiita ngoro, ambayo wataalamu wa udongo kutoka mbali wamekuja kuisomea. Mwezi wa Machi hufyeka majani, wakayalaza chini kwa mistari inayokatana, mfano wa miraba ya mkeka. Kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani yale, na juu ya matuta hayo hupanda maharage. Mlima mzima hubaki umejaa mashimo, ukiutazama kwa mbali utadhani ni sega la nyuki. Majani huoza ndani ya tuta na kuwa mbolea. Maji ya mvua hayazuiwi kunyesha wala hayaachwi yakimbie. Huingia shimoni, yakasimama, yakazama polepole. Desemba, katika matuta yale yale, hupandwa mahindi.

Kilimo hicho kilikuzwa na watu waliokuwa wakiogopa. Hawakungoja hofu iishe ndipo walime, wala hawakusema kwamba kwa kuwa wanalima basi hofu haikuwapo. Ukimwuliza mzee wa huko kwa nini wako juu, atakueleza habari za vita bila kupunguza neno. Kisha atakuonyesha shamba.

Mkesha wa Noeli, watu wa vijiji hivyo hushuka kwa njia zipitazo kando ya mashimo hayo, wengi wakiwa wamevua viatu na kuvishika mkononi visichafuke kabla ya kufika kanisani. Wanawake huwa na watoto mgongoni, maana siku hiyo wengi huletwa kubatizwa. Mvua ikiwa imenyesha mchana, mashimo huwa yamejaa. Asubuhi, baada ya misa na baada ya wali kwa waliojaliwa, kuna nyumba ambazo mtu atatoka na jembe kwenda kuzibua tuta lililobomoka, sikukuu au si sikukuu, kwa kuwa mbingu bado ni nyeusi upande wa ziwa.